Ndala Iliyohudhuria Kliniki ya Meno

Ilikuwepo, na kwa taarifa za redio ya serikali ingalipo na inazidi kupendeza, nchi moja iliyopatwa na aibu kubwa kwa sababu ya viti.

Si viti vya bungeni, vile vilikuwa vinakaliwa vizuri tu, wengine mpaka wanakoroma. Ni viti vya kung'olea meno. Waziri wa Afya ya Kinywa wa nchi hiyo (kinywa kilikuwa na waziri wake peke yake, na afya iliyobaki ilikuwa na wake) alikwenda mkutanoni ng'ambo. Huko wakaulizana: katika kila wagonjwa kumi mnaowapangia tarehe ya kuja kutibiwa meno, wangapi hawatokei? Waziri akawa wa kwanza kuinua mkono, kifua mbele, akasema, "Sita!" Alidhani ni mashindano, mwenye wengi ndiye mshindi. Ukumbi ulipocheka ndipo alipojua.

Aliporudi, hakulikanyaga hata zulia alilotandikiwa uwanja wa ndege. Alipita pembeni kwenye majani, akaenda moja kwa moja redioni.

"Wananchi mmenivua nguo," alisema. "Kiti kinakaa wazi kinamngoja mtu, na mtu yuko kwake anakula ugali! Huo si ugonjwa, huo ni utoro. Na utoro tutaung'oa na mizizi yake."

Mama Sikudhani alikuwa jikoni anachambua mchicha, redio iko dirishani. Binti yake, Sikudhani mwenyewe, wa darasa la nne, alikuwa amejilaza mkekani, shavu amelilaza juu ya chupa ya maji baridi. Gego lake la chini lilikuwa limetoboka, na kila akimeza mate alikunja uso kama mtu aliyekanyaga mwiba.

"Umesikia, Baba Sikudhani?" mama akamwita mumewe. "Wanataka watu waende kliniki."

"Si ndiyo vizuri? Sisi tunataka kwenda, wao wanataka twende. Mgogoro hapo uko wapi?"

Baba Sikudhani alikuwa mtu wa namna hiyo. Akiona serikali na yeye wanataka kitu kimoja, alilala usingizi.

*

Kwanza ukaitishwa mkutano wa wadau. Nchi ile haikufanya jambo bila wadau. Wadau walikusanywa, wakakalishwa, wakapewa soda, na baada ya hapo lile lililokwisha kuamuliwa liliitwa la wananchi.

Mwenyekiti alikuwa Bwana Pazi, Mratibu wa Mageuzi, kijana mwenye suti na sauti. "Wazazi wangu," alisema, "nimetumwa kusikiliza. Niambieni bila woga: kwa nini mnavitoroka viti vyetu?"

Watu wakatazamana. Soda zilikuwa bado hazijafika, hakuna aliyetaka kuharibu. Lakini Mama Sikudhani alikuwa amemwacha mtoto nyumbani analia. Akasimama.

"Mwanangu, sisi hatutoroki. Jino likiuma leo, mnatupa tarehe ya msimu ujao. Mpaka tarehe ifike, mwingine ameshaling'oa nyumbani kwa uzi na kitasa cha mlango, mwingine amehama, mwingine tumeshamzika. Sisi tunaobaki tukija tunakuta kufuli, daktari kaenda semina na hakuna aliyetuambia. Punguzeni semina. Mgonjwa wa leo mwangalieni leo. Muone kama kuna atakayetoroka."

Bwana Pazi akawa wa kwanza kupiga makofi.

"Mchango mzito!" akasema, kisha akamgeukia mwandishi wake. "Andika hapo: wadau wameomba semina."

"Sikusema hivyo!"

"Tumekuelewa, mama yangu. Tena wewe nitakutaja kwenye utangulizi."

Soda zikaingia, na makofi yakawa ya wote.

*

Mageuzi yakaanza. Kliniki ya meno ya mji ule kabla ya hapo ilikuwa kitu kidogo tu: chumba kimoja, kiti kimoja, na Daktari Mwinjuma, mzee mpole mwenye mikono mizito ambaye aliweza kukung'oa jino huku anakuuliza habari za mashamba, ukashtukia limeshakaa kwenye bakuli.

Wataalamu walikuja, wakazunguka, wakatikisa vichwa. Ilionekana kwamba kliniki ile haikuwa na muundo. Ikapewa muundo. Ikaundwa Idara ya Kupanga Tarehe, na Idara ya Kukumbusha Tarehe, na Idara ya Kuthibitisha kwamba Aliyekumbushwa Amekumbuka. Sasa idara zote hizo zitakaa wapi na chumba ni kimoja? Ikabidi kiti kitolewe. Kikafungwa nailoni, kikasimamishwa ukumbini karibu na stoo ya mafagio.

Na Daktari Mwinjuma, kwa utumishi wake uliotukuka, akapandishwa cheo kuwa Mkurugenzi wa Mahudhurio. Akapewa meza kubwa na kazi ya kutia saini. Koleo zake zilichukuliwa zikaenda kwenye maonyesho ya taifa, zikaandikwa chini: *Vifaa vilivyotumika zamani.*

Kisha likaja gari. Lilikuwa gari la wagonjwa, ila lilikuwa halina kazi, wakasema, kwa sababu wagonjwa wa meno hutembea wenyewe. Likafungwa vipaza sauti juu. Kila Ijumaa likawa linapita sokoni linataja watoro: "Fulani bin Fulani, wa Mtaa wa Kiwandani, amekosa tarehe yake! Kaya yake imeondolewa kwenye matibabu ya umma mpaka itakapojirekebisha!" Watu wanacheka, wanamtafuta kwa macho. Mzee mmoja alitajwa akiwa ananunua nyanya, akaziacha nyanya.

Na lipo jambo jingine, lisikilizeni vizuri wenye watoto. Ukishapangiwa tarehe pale, ukaenda kutibiwa kwingine kabla ya tarehe, huo nao ni utoro. Jina lake ni *utoro wa haraka*, na adhabu yake ni kubwa zaidi.

*

Mama Sikudhani akapangiwa tarehe. Mbali, lakini akaipata. Akawa anamsukutulisha mtoto maji ya chumvi, anampa vidonge vya maumivu, anamwambia, "Vumilia, mama, siku zinakwenda." Siku zilikwenda, na shavu nalo likaanza kuja.

Bi Chiku, jirani wa ukuta kwa ukuta, alimwambia mapema kabisa: "Mwenzangu, mpeleke kwa masista kule ng'ambo ya mto. Wale hawana tarehe. Unafika, unakaa, jino linatazamwa."

"Na Ijumaa nikatajwa kwenye gari?"

"Utajwe! Kutajwa kunaua?"

"Kwangu kuna mama mkwe ana sukari, Bi Chiku. Dawa zake ni za pale pale serikalini. Wakiiondoa kaya, namzika nani kwanza?"

Bi Chiku akaenda kwake, akarudi na chumvi ya kusukutulia.

Tarehe ikafika. Mama Sikudhani alidamka na mtoto mgongoni, ingawa alishapita umri wa kubebwa, maana kila hatua ilimgonga taya. Wakafika kliniki.

Sasa watu wa mji ule walikuwa na desturi yao kwenye foleni. Nafasi haikushikwa kwa makalio. Ulifika, ukaweka kitu chako kwenye benchi, ndala, jiwe, kopo, kofia, ukaenda zako kununua chai au kujisaidia, na kitu chako kikawa ni wewe. Hakuna aliyekigusa. Aliyesogeza jiwe la mwenzake alitazamwa vibaya kuliko aliyeiba kuku. Kwa hiyo benchi la asubuhi lilikuwa limepangika vizuri: jiwe, kandambili, kopo la mafuta, jiwe, kofia ya sufu, na watu wako chini ya ukuta wanapiga soga.

Mama Sikudhani akavua ndala yake ya kulia, akaiweka mwishoni mwa benchi, kadi ya mtoto juu yake. Mtoto akasema anataka kutapika. Akampeleka bombani, uani.

Wakati huo huo Bwana Pazi akapita kukagua mahudhurio. Akasimama mbele ya benchi. Akamwuliza karani, Dada Tabu, "Hivi ni vitu gani?"

"Ni wagonjwa, bosi."

"Wagonjwa?"

"Ndiyo. Hilo jiwe ni Mzee Kapilima. Kopo ni mama yake Rukia. Wote wapo."

Wanasema Bwana Pazi aliduwaa, kisha uso ukamng'aa kama aliyeona mwezi wa sikukuu. Kumbe jawabu lilikuwa limekaa kwenye benchi siku zote! Mtu huumwa, huchelewa, husahau, hulalamika. Jiwe haliwezi. Jiwe ukiliweka linahudhuria mpaka jioni, na wala haliombi ganzi.

"Wapokee," akaamuru.

"Vitu, bosi?"

"Si umesema ni wagonjwa? Wapokee!"

Dada Tabu alikuwa na watoto wa kulisha. Akapokea.

Mama Sikudhani aliporudi kutoka bombani, ndala yake ilikuwa imeshapitia idara zote tatu. Ilikuwa imepokewa, imethibitishwa kwamba ilikumbuka, na kadi ya mtoto ilikuwa imegongwa muhuri wa zambarau: *AMEHUDHURIA*.

"Haya, tumemaliza, mama," Dada Tabu akasema bila kumtazama usoni. "Mnaweza kwenda."

"Tumemaliza nini, mwanangu? Mtoto hajatazamwa."

"Mtoto gani?"

"Huyu hapa! Huyu mwenye shavu!"

"Mama yangu, mimi hapa nina mgonjwa aliyekuwepo benchini, na ameshahudumiwa. Huyu amekuja nyuma. Huyu hana tarehe."

"Ile ni ndala!"

"Ndala ya nani?"

"Yangu."

"Si umeona? Basi ulikuwepo."

Watu wa kwenye foleni wakaangua kicheko, halafu mmoja mmoja wakakumbuka mawe yao, kicheko kikakata. Mzee Kapilima alikimbilia jiwe lake akalikuta nalo limeshatibiwa.

"Basi nipe tarehe nyingine," mama akasema.

Akapewa. Ilikuwa baada ya mvua za masika, na masika yenyewe yalikuwa hayajaanza.

*

Usimwulize kama alijaribu, alijaribu. Alirudi pale bila tarehe, akaambiwa hilo ni kosa linaloitwa kuvamia miadi. Alikwenda kwa Daktari Mwinjuma dirishani, akamkuta amezama nyuma ya makaratasi.

"Daktari, mtazame tu. Mtazame kwa jicho."

"Mama, siruhusiwi," mzee akasema kwa sauti ya chini. "Nikimtazama, nimetoa huduma nje ya miadi. Asilimia zitashuka." Na kweli mikono yake mizito ilikuwa imepakwa wino wa mihuri mpaka kwenye viwiko.

Nyumbani Baba Sikudhani alianza kukosa usingizi. "Labda tarehe wataisogeza," alisema, lakini safari hii hakumalizia. Uvimbe ulikuwa umeteremka kutoka shavuni mpaka chini ya taya, mgumu, mwekundu, wa moto. Mtoto akawa anaongea kwa meno yaliyobanana. Chakula kikawa uji, uji ukawa maji.

Asubuhi moja alishindwa hayo maji. Yalitoka puani.

Mama Sikudhani akamwangalia mama mkwe aliyekuwa kitandani. Yule bibi, ambaye kwa kawaida hawakuwa wakipatana hata kwenye chumvi ya mboga, akasema, "Unaniangalia nini? Mimi nimekula ujana wangu wote. Mchukue mtoto uende. Waniondoe kwenye matibabu, waniondoe na kwenye nchi yao."

Akambeba. Njia ya kwenda kwa masista ilipita darajani, na daraja siku hiyo lilikuwa limefungwa. Waziri anapita. Anakwenda kliniki ya meno kusherehekea, maana kliniki ya mji ule ilikuwa imekuwa ya kwanza katika taifa ambako hakuna mgonjwa hata mmoja aliyekosa tarehe.

"Basi twende huko huko," Mama Sikudhani akasema, na hakuwa akimwambia mtu.

*

Uwanja wa kliniki ulikuwa umepambwa. Kulikuwa na hema, kwaya, na mabenchi yaliyojaa mahudhurio: mawe, makopo, ndala, kofia, yote yamepangwa safi, mengine yamefutwa vumbi. Wananchi wenyewe walikuwa wamezuiwa nje ya kamba ili wasisumbue.

Katikati, juu ya jukwaa, kilikuwepo kile kiti, kimetolewa nailoni na kufungwa utepe. Juu yake waliweka jiwe zuri la mtoni, la duara, limevishwa kitambaa cha kifuani kama mgonjwa halisi.

Waziri alikuwa ameshaanza. "Ndugu wahudhuriaji!" aliyaambia mabenchi. "Mmeniheshimisha! Sasa nikienda ng'ambo nitapita katikati ya zulia! Tazameni utulivu wenu, tazameni nidhamu yenu. Kuna anayelia hapa? Kuna anayenung'unika?"

Mama Sikudhani akapita chini ya kamba. Askari alimwona, lakini alimwona na mtoto, akachelewa kidogo. Alipopata akili, mama alikuwa ameshapanda jukwaani, amelinyanyua lile jiwe, ameliweka chini, na amemketisha Sikudhani.

"Mama!" Bwana Pazi akapiga kelele. "Umemwondoa mgonjwa!"

"Mgonjwa ni huyu."

"Huyu mtoto ana miadi leo?" Waziri akauliza, bado ana kipaza sauti mkononi.

"Hana, Mheshimiwa," mama akajibu. "Alishahudhuria."

"Sasa anatafuta nini tena? Ulafi huu!"

Daktari Mwinjuma alikuwa amekaa safu ya wakurugenzi. Harufu ndiyo iliyomnyanyua. Alikuwa hajaisikia muda mrefu, harufu ya usaha mdomoni, lakini huwezi kuisahau. Akaja akainama.

"Fungua mdomo, mwanangu."

Mtoto akatikisa kichwa kidogo tu. Haukufunguka. Daktari akaweka vidole chini ya taya, akabonyeza taratibu, na rangi yake ikabadilika.

"Hili lina muda gani?"

"Tangu ulipokuwa daktari," Mama Sikudhani akamjibu.

Mzee alinyooka, akavua beji ya ukurugenzi, akaiweka kwenye mkono wa kiti. "Hili si la kung'oa hapa tena. Limeshashuka shingoni. Ni hospitali kubwa, sasa hivi, la sivyo litamziba pumzi. Gari!"

"Gari haliwezi kuondoka," Bwana Pazi akasema. "Kipaza sauti cha Mheshimiwa kimeunganishwa kwenye gari. Na hotuba ndiyo kwanza iko utangulizi."

Ni kweli, waya ulikuwa unatoka mkononi kwa Waziri mpaka kwenye gari. Daktari aliufuata, akaung'oa kwa mikono yote miwili, kwa ule mzunguko wa kiganja aliokuwa akiwang'olea watu magego. Wakaingia, mama na mtoto nyuma, mzee kwenye usukani, wakatoka wakiburuta utepe.

Ila pembeni ya usukani palikuwa na kipaza sauti cha pili, kile cha kutajia watoro, na hakuna aliyekizima. Mji mzima, kuanzia sokoni hadi darajani, ukasikia mtoto anavuta pumzi kwa tabu, na mama anamwambia, "Vuta. Vuta tena. Usilale. Vuta." Watu walisimama na mizigo yao. Askari wa darajani aliondoa kizuizi bila kuuliza.

Taarifa ya habari jioni ilisema mgonjwa mmoja alifurahia huduma hadi akasindikizwa kwa gari.

*

Hakufa. Hilo niliseme mapema, maana najua wenye watoto mlipofika hapa mlikuwa hampumui. Walimpasua chini ya taya, wakatoa usaha bakuli kwa bakuli, wakatoa gego, wakatoa na kipande cha mfupa uliooza. Kovu lipo. Mdomo unafunguka upana wa kidole. Kijiko hupita kwa ubavu.

Daktari Mwinjuma alitajwa Ijumaa. Siku ya sherehe meza yake ilikutwa wazi, na ndiye mtoro pekee aliyepatikana msimu ule. Wamempeleka mbali.

Bwana Pazi alikuja na mpiga picha. Wizara ilitaka sura ya Sikudhani ikae kwenye mabango.

"Tabasamu, mtoto mzuri," mpiga picha akasema. "Onyesha meno."

"Hafunguki," Mama Sikudhani akasema.

Bwana Pazi akafikiri. "Mpige hivyo hivyo. Anaonekana ametulia."

Tangu hapo Mama Sikudhani husimama kila asubuhi nje ya lango la kliniki, chini ya bango la mwanawe. Kaya yake imeshaondolewa, hana cha kuogopa; dawa za bibi huzitafuta kwa masista. Akimwona mzazi anakuja na mtoto aliyefungwa kitambaa kichwani, humzuia. Humweleza jambo moja: uvimbe haungoji. Wengi hugeuka na kwenda kwa masista.

Juzi Bwana Pazi alitoka nje kumfuata. Mama Sikudhani akajiandaa kwa ugomvi, akafunga kanga vizuri kiunoni. Lakini nyuma ya Bwana Pazi walikuwepo watu wawili wamebeba kiti kipya cha plastiki na mwavuli wenye nembo ya wizara.

"Mama yangu, tumekuja kukushukuru," Bwana Pazi akasema, na macho yalikuwa yamemlowa kweli. "Tangu uanze kazi hii hakuna aliyekosa tarehe hata mmoja. Unawarudisha kabla hatujawapangia! Sisi wataalamu hatukuwahi kuliwaza hilo. Karibu ukae."

Maneno yote aliyokuwa nayo Mama Sikudhani yalikuwa ya kutukana, na barabarani alikuwa anakuja mama mmoja kijana, anatembea mbio, kamkumbatia mtoto ambaye shavu lake moja lilikuwa kubwa kuliko jingine.

Akakizunguka kiti, akaenda kumpokea.

"Limeanza lini, mwanangu?"

"Jana, shikamoo mama. Nimeambiwa hapa wako wa kwanza kitaifa."

"Marahaba. Jana? Basi muda bado unao. Nipe mtoto nikusaidie kubeba. Geuka, tuwahi darajani."

Wakageuka, wakaondoka upesi upesi. Na nyuma yao, Bwana Pazi na watu wake wawili wakawapigia makofi mpaka walipokata kona.